Amplifaya ya hedifoni ya mezani: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu kuipima na kuikagua

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoniletea amplifaya zao niziangalie, na kwa wale wanaotaka kununua ya kwanza. Nimeyajibu kwa kadiri ninavyofanya mwenyewe mezani: sikio, mita ya kawaida ya fundi, rezista moja, na mikono. Mikono naitaja makusudi. Amplifaya ya mezani utaigusa kila siku kwa miaka, na karatasi ya vipimo haisemi lolote juu ya hilo.

Je, kweli nahitaji amplifaya, au simu yangu inatosha?

Inategemea hedifoni uliyo nayo. Eafoni za kuingiza sikioni karibu zote zinaridhika na simu. Ile adapta ndogo ya Apple ya kuchomekea hedifoni, toleo la Marekani, inatoa takriban volti 1, na toleo la Ulaya nusu yake. Kwa eafoni, volti 1 inazidi mahitaji.

Haja inaanza ukiwa na hedifoni kubwa za kusikilizia nyumbani au studio: Sennheiser HD 600 na HD 650 zenye omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 250, na nyingine za aina hiyo. Dalili ni kwamba umefikisha sauti mwisho, na wimbo uliorekodiwa kwa utulivu bado unakuja kwa mbali. Kama sauti inakutosha ukiwa nusu ya mzunguko na husikii mvumo wowote, usinunue amplifaya. Pesa hiyo iweke kwenye hedifoni bora, maana hedifoni hubadilisha sauti kuliko amplifaya yoyote itakavyobadilisha.

Nitajuaje nguvu ninayohitaji?

Kwa hesabu, na si ngumu. Tafuta namba mbili za hedifoni yako: ukinzani kwa omu, na usikivu kwa desibeli, yaani ukubwa wa sauti inayotoka kwa umeme fulani. Angalia vizuri usikivu umeandikwa kwa volti 1 au kwa miliwati 1. Watengenezaji wanatofautiana, na ukichanganya hivyo viwili hesabu yote inaharibika.

Chukua HD 650. Ina omu 300 na inatoa desibeli 103 kwa volti 1. Tuseme tunataka vilele vya muziki, ule mpigo wa ngoma au mlio wa tarumbeta wa mara moja, vifike desibeli 115 bila kukatika. Tunahitaji desibeli 12 zaidi. Kila desibeli 6 ni kuzidisha volti mara mbili, kwa hiyo tunafika volti 4. Nguvu ni 4 mara 4 gawanya kwa 300, yaani miliwati 53. Mkondo ni miliampea 13 tu. Hedifoni hii inadai volti. Wati haina haja nazo.

Sasa chukua HiFiMAN HE-6, yenye omu 50 na desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Kufika desibeli 115 ileile unahitaji karibu wati 1.4, volti 8.4 na miliampea 168. Hiyo ni mara ishirini na sita ya nguvu ya HD 650.

Ndiyo maana tangazo linalosema "wati 1" peke yake halikusaidii. Wati 1 kwenye omu 32 ni volti 5.7. Volti hizohizo kwenye omu 300 zinatoa miliwati 107 tu. Kwa HD 650 hizo ni nyingi, kwa HE-6 wati hiyo moja haifiki. Muulize muuzaji namba mbili: nguvu kwenye omu 32 na nguvu kwenye omu 300. Kama ana ile ya omu 32 tu, kadiria nyingine mwenyewe.

Ukinzani wa kutokea wa amplifaya ni nini, na kwa nini watu wanaujali sana?

Hili ndilo swali ninalopenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo amplifaya mbili zinaweza kusikika tofauti kweli, na unaweza kupima kwa vifaa vya bei nafuu.

Kila amplifaya ina ukinzani wake wa ndani, kana kwamba kuna rezista iliyokaa kati yake na hedifoni yako. Ukinzani huo na wa hedifoni vinagawana volti. Ingekuwa hedifoni ina ukinzani uleule kwa kila noti, pasingekuwa na madhara ila sauti kupungua kidogo. Lakini hedifoni nyingi hazina. HD 650 inaitwa ya omu 300, ila kwenye besi, karibu na 80 hadi 100 Hz, inapanda hadi karibu omu 500. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya omu 120, noti za kati zinapungua desibeli 2.9 na za besi desibeli 1.9. Besi inabaki juu kwa desibeli 1 nzima. Mtu atasema amplifaya ile "ina joto, ina besi tamu", kumbe ni mgawanyo wa volti. Anayeupenda mlio huo aufurahie, ila ajue unatoka wapi.

Hiyo omu 120 si namba ya kubuni. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 cha mwaka 1996 kilipendekeza hivyo, na matundu ya hedifoni ya redio kubwa nyingi za zamani yana ukinzani mkubwa kwa sababu yanalishwa kutoka kwenye amplifaya ya spika kupitia rezista.

Kanuni inayotumika sana leo ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa omu 32, usizidi omu 4. Eafoni zenye vipaza sauti vingi ndani yake huathirika zaidi, kwa sababu ukinzani wake hupanda na kushuka sana. Kwa hizo tafuta amplifaya iliyo chini ya omu 1.

Kuupima: cheza toni ya 60 Hz kutoka kwenye simu au kompyuta, weka mita yako kwenye volti za AC, pima penye tundu bila kitu chochote kuchomekwa. Rekebisha sauti hadi isome volti 1.000. Sasa unganisha rezista ya omu 33 kati ya ncha ya pini na ardhi yake, pima tena. Ikisoma 0.985, gawanya 1.000 kwa 0.985, toa 1, zidisha kwa 33: unapata nusu omu. Ikisoma 0.767, una omu 10. Natumia 60 Hz kwa sababu mita nyingi za bei nafuu husoma kweli kwenye masafa ya umeme wa nyumbani na kudanganya ukipanda juu.

Namba ya SINAD ni nini? Je, yenye namba kubwa ndiyo bora?

Ni uwiano, kwa desibeli, kati ya sauti uliyotaka na takataka zote zilizoongezwa, kelele na upotoshaji kwa pamoja. Upotoshaji wa asilimia 0.1 ni desibeli 60 chini ya muziki, wa asilimia 0.001 ni desibeli 100 chini.

Ni namba nzuri ya kutambua kifaa kilichotengenezwa kizembe. Amplifaya yenye 70 inastahili maswali. Lakini ukishapita 100, kupanda hadi 115 ni ufundi wa kujivunia kwa mhandisi, sikio lako halitapata kitu. Diski ya CD yenyewe, kwa biti zake 16, ina nafasi ya karibu desibeli 98. Nimeona watu wakiuza amplifaya nzuri kabisa kwa sababu ya tofauti ya desibeli 4 kwenye chati, na inanisikitisha, kwa kuwa wengi walipoteza pia kifaa kilichokuwa kinashikika vizuri.

Angalia pia ilipimwa kwa kiwango gani. Namba nzuri kwenye volti 2 haielezi kelele kwenye miliwati chache, na humo ndimo tunamosikilizia.

Nasikia "shhh" nyuma ya muziki. Au ni mvumo. Tatizo ni amplifaya?

Kwanza tenganisha hivyo viwili. "Shhh" inayofanana na mvua ya mbali ni kelele ya vijenzi. Simamisha muziki, acha amplifaya imewaka, punguza sauti hadi sifuri. Kama ipo palepale, ni ya amplifaya. Kama inapungua pamoja na sauti, inatoka kwenye chanzo chako. Kama inaonekana wakati wimbo unapigwa tu, imo kwenye rekodi. Hilo la mwisho linawasumbua wanaosikiliza muziki wa zamani: santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 zina mkwaruzo wa sindano ambao amplifaya safi itakuletea wote bila kuacha hata punje. Amplifaya imefanya kazi yake.

Mvumo mzito, wa 50 au 100 Hz, ni habari ya umeme. Mara nyingi kompyuta na amplifaya zimechomekwa kwenye soketi tofauti na zinakutana tena kupitia waya wa sauti, kwa hiyo nyaya za ardhi zinafanya duara. Chomeka vyote kwenye kigawanya umeme kimoja. Ukiwa na kompyuta ya mapajani, ichomoe chaja. Mvumo ukikatika papo hapo, umeshapata jibu. Usikate pini ya ardhi ya plagi kama wanavyoshauri wengine. Ile pini inalinda maisha yako.

Swichi ya geini niiweke wapi?

Geini ni kiasi ambacho amplifaya inaikuza sauti. Iweke chini kabisa inapokutosha. Geini kubwa haiongezi ubora, inasogeza tu sauti yote mwanzoni mwa mzunguko, na hapo mwanzoni ndipo kizungusho cha sauti cha kawaida kina udhaifu: upande mmoja unaamka kabla ya mwingine. Ukiwa na eafoni na geini ya juu, utajikuta unasikiliza kwenye milimita chache za kwanza, mwimbaji kahamia sikio la kushoto. Weka chini, ili sauti yako ya kila siku iangukie kati ya theluthi moja na theluthi mbili za mzunguko. Ukijaribu amplifaya dukani, lipime hilo kwanza: wimbo wenye sauti ya mwimbaji katikati, kizungusho kikipanda taratibu kutoka sifuri, na usikilize sauti inakaa katikati kuanzia wapi.

Umbo na ujenzi vinapimwaje?

Kwa mfano, tuanze na amplifaya moja maarufu. Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye hakuwahi kutoa jina lake halisi, alichapisha mchoro wa amplifaya iitwayo Objective2, au O2, ili yeyote aweze kuitengeneza. Ilikuwa na ukinzani wa kutokea wa karibu nusu omu, kelele ndogo sana, na betri mbili za volti 9 ndani. Kwenye mtihani wa umeme ilifanya vifaa vya bei kubwa vionekane vimezembea. Lakini bodi yote ilikuwa moja, na ili kurahisisha kazi kila kitu kilitokea mbele: kizungusho, swichi ya umeme, swichi ya geini, tundu la hedifoni, tundu la kuingiza muziki, hata tundu la adapta. Ukiiweka mezani, nyaya tatu zinakutazama usoni na mkono unapita katikati yake kutafuta sauti. Baadhi ya waliozitengeneza baadaye walihamishia tundu la umeme nyuma, na mabadiliko hayo madogo yalifanya iwe rahisi kuishi nayo kuliko ambavyo desibeli zozote zingefanya.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi. Ninachomeka pini kubwa ya milimita 6.35 na kuitikisa juu na chini kwa kidole kimoja huku muziki ukicheza kwa chini. Sauti haitakiwi kukatika wala kukwaruza. Kisha natazama pembeni ya tundu: kuna nati iliyolifunga kwenye ukuta wa kasha, au limeshikwa na risasi ya kulehemu ya bodi peke yake? Amplifaya yangu ya kwanza haikuwa na nati. Baada ya mwaka na nusu wa kuchomeka na kuchomoa, upande wa kulia ulianza kukatika. Nilipofungua, duara jembamba kama unywele lilikuwa limezunguka kila mguu wa tundu, risasi imepasuka. Nilichoma upya kwa dakika tano, lakini tangu siku hiyo sinunui kabla ya kuuliza habari ya nati.

Kisha uzito. Waya wa HD 650 una mita 3 na unaburuta. Kasha la gramu 300 lisilo na miguu ya mpira litageuka kila ukigeuza kichwa, na siku moja litafika ukingoni mwa meza. Unaweza kuongeza miguu ya mpira mwenyewe, ni jambo la dakika moja, ila mtengenezaji aliyeliwaza mapema ameniheshimu.

Kizungusho kinastahili muda wako. Kisicheze kushoto na kulia kwenye mhimili wake. Kiwe na uzito kidogo unapokizungusha, ili paka au kiwiko kisikirushe. Pawe na nafasi ya kidole kizima kati yake na pini iliyochomekwa. Kwenye makasha madogo mara nyingi haipo, na utabana pini kila unapotaka kupunguza. Alama yake iweze kuguswa, kwani usiku ukizima taa rangi haikusaidii. Nikitaja taa: ile ndogo ya buluu kwenye baadhi ya vifaa inamulika chumba kizima. Kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kinatosha kuituliza.

Swichi ya umeme ikiwa nyuma, hutaizima. Utaiacha ikiwaka mwezi mzima.

Matundu ya balansi (yenye jozi ya nyaya ya pekee kwa kila sikio), XLR na ya milimita 4.4, ni lazima?

Si lazima. Yanakupa volti nyingi zaidi kutoka kwenye kasha lilelile, basi. Kwa hedifoni nyingi tundu la 6.35 linatosha. Jambo moja tu la hatari: usitumie adapta inayogeuza tundu la balansi kuwa la kawaida. Kwenye balansi upande hasi nao una umeme, na adapta hiyo inaunganisha hasi ya kushoto na ya kulia. Unaweza kuiua amplifaya.

Ndugu yangu ameniletea amplifaya kutoka Marekani. Nichomeke tu?

Usichomeke. Kwanza soma maandishi ya adapta. Marekani wanatumia volti 120, Tanzania ni 230, Kenya 240. Kama imeandikwa "100–240V", unahitaji kibadilisha plagi tu. Kama imeandikwa "120V" peke yake, hasa zile adapta nzito zenye transfoma ndani, itapata karibu mara mbili ya umeme wake, itachemka na kuungua. Rafiki yangu alisikia harufu ya varnishi iliyoungua kabla hajasikia noti hata moja.

Unapotafuta mbadala hapa nyumbani, soma upande wa kutokea pia. Baadhi ya amplifaya ndogo, O2 ikiwemo, zinataka adapta ya AC inayotoa AC, si DC kama za simu na ruta. Pini inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikawa siyo. Linganisha volti, aina, na ampea zisizopungua.

Inapowaka inatoa "puu!" masikioni. Ni kawaida?

Ndogo, ni kawaida kwa zisizo na rele ya kuchelewesha, yaani swichi inayounganisha hedifoni baada ya muda kidogo. Kubwa, siikubali. Zoea kuwasha kwanza, kisha kuchomeka hedifoni, na umeme ukikatika chomoa kabla haujarudi.

Cha hatari zaidi ni kile kisichosikika. Weka mita kwenye milivolti za DC, bila muziki, pima tundu upande wa kushoto na wa kulia, sauti ikiwa sifuri kisha ikiwa juu. Chini ya milivolti 10 ni salama. Ikizidi 50, usichomeke hedifoni yako hadi fundi aione. Kwa amplifaya iliyotumika hiki ndicho kipimo changu cha kwanza, kabla hata ya kusikiliza.

Pwani kuna vumbi na hewa ya chumvi. Nifanye nini?

Matundu ya juu ya kasha yaache wazi lakini funika kitambaa likiwa limezimwa na kupoa. Kizungusho kikianza kukwaruza, zima, kizungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini; mara nyingi kinapona. Kisipopona, dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, tone dogo. Mafuta ya cherehani usiyatumie, yanakusanya vumbi.

Joto: kasha la vuguvugu ni sawa, na za daraja A, zinazopitisha umeme mwingi hata bila muziki, huwa moto kwa asili yake. Ukishindwa kulaza kiganja sekunde tano, isogeze mbali na ukuta.

Na za vali za kioo?

Nzuri kutazama, na nyingi zina ukinzani mkubwa wa kutokea, kwa hiyo zinakwenda na hedifoni za omu 300 au 600. Usizinunue kwa ajili ya eafoni.

Ninalinganishaje amplifaya mbili kwa haki?

Sawazisha sauti kwa mita, si kwa sikio. Cheza toni ya 100 Hz hedifoni zikiwa zimechomekwa, hakikisha volti zinapishana chini ya asilimia 1. Tofauti ndogo ya sauti husikika kama "uwazi zaidi", na aliyeongeza nusu desibeli hushinda kila mara. Kisha mwombe mtu abadilishe bila wewe kuona, mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, nafasi ya kuwa umebahatisha ni chini ya asilimia 4. Mimi nimefanya hivi na amplifaya mbili nilizokuwa na hakika zinatofautiana kama usiku na mchana. Nilipatia 9. Nilibaki na ile yenye kizungusho kizuri.

Nisikilize kwa sauti gani nisiharibu masikio?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Amplifaya yenye nguvu inaweza kukufikisha 110 bila upotoshaji wowote wa kukuonya. Weka sauti yako ya kawaida, chukua kalamu ya rangi, tia nukta kwenye kasha mbele ya alama ya kizungusho. Mgeni akija kusikiliza, mwonyeshe nukta hiyo kabla ya kumvalisha hedifoni.